Maji ya Paa Lako Yaenda Wapi?



Katika Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, imo amri ndogo ambayo wengi wetu twaipita bila kuitazama. Musa awaagiza Waisraeli kwamba mtu ajengaye nyumba mpya alizungushie paa lake ukuta mdogo, ili mtu asianguke kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mapaa ya nchi ile yalikuwa bapa, na watu walipanda juu yake kupunga upepo, kuanika vitu, hata kusali. Tazameni jinsi Mwenyezi Mungu alivyojishughulisha na paa la mtu! Hakusema kwamba nyumba ni mali ya mwenyewe, basi na ajenge apendavyo. Alitaka mwenye nyumba ajue kwamba paa lake likimdhuru mwenziwe, yeye ndiye atakayejibu.

Mapaa yetu sisi yameinama, wala hakuna aketiye juu yake jioni. Hata hivyo kipo kitu kiangukacho kutoka mapaani mwetu kila masika, nacho ni maji. Juu ya maji hayo twapenda kusema nanyi leo.

Msomaji asiyepata kufika Lundo na ajue kwamba ni kijiji cha mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, katika Wilaya ya Nyasa iliyogawanywa kutoka Wilaya ya Mbinga mwaka 2012. Mwambao ule umebanwa kati ya milima na ziwa. Juu ziko nyanda za Umatengo, zenye vilele vinavyopita mita 1,500 juu ya bahari. Chini liko ziwa, lililo karibu mita 475 tu. Mvua inyeshapo kati ya Novemba na Aprili, maji hayana safari nyingine ila kuteremka. Zamani yaliteremka polepole, maana yalikuta nyasi, miti, mashamba na nyumba za ezeko. Lakini siku hizi, tangu barabara ya lami ya kilomita 66 ilipounganisha Mbinga na Mbamba Bay, mabati, saruji na nondo hufika mwambaoni kwa urahisi kuliko zamani. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Nani asiyependa kuona familia ikitoka katika nyumba inayovuja na kuingia katika nyumba imara?

Lakini furaha ya mmoja isiwe kilio cha mwingine. Tumfikirie mama mjane mmoja, akae Lundo au mahali pengine pa namna ile. Hatumpi jina, kwa sababu walio kama yeye ni wengi nchini kote. Nyumba yake ya matofali mabichi aliachiwa na marehemu mumewe, nayo imesimama miaka mingi bila kudhurika. Kisha juu yake, mtelemkoni, vikapimwa viwanja. Miti ikakatwa, ardhi ikasawazishwa, nyumba kumi zikainuka, nyua zikasakafiwa. Kila mwenye nyumba alichimba kijifereji cha kutoa maji uani mwake, na kila kijifereji kikaishia mpakani. Masika yalipofika, maji ya nyumba zote kumi yakakutana mlangoni pa mama yule. Yalimchukulia mihogo, yakamjaza matope chumbani, yakaula ukuta kwa chini. Alipopanda kwenda kulalamika, kila mmoja alimwambia: “Mama, maji yangu mimi ni kidogo tu.”

Je, ni kidogo kweli? Na tuhesabu. Paa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 10, likinyeshewa mvua ya milimita 50, ambayo si ajabu kwa siku moja ya masika, hutoa lita 5,000 za maji. Hizo ni debe 250 za lita 20. Nyumba kumi hutoa debe 2,500, bila kuhesabu maji ya nyua zilizosakafiwa. Udongo wenye nyasi hunywa sehemu ya mvua na kuipitisha iliyobaki taratibu. Bati na saruji havinywi hata tone. Ndugu msomaji, kama ungemwona mtu akibeba debe 250 za maji, moja baada ya moja, na kuzimwaga mlangoni pa mjane, ungemwita jina gani? Nawe wafanya hivyohivyo ukiwa umelala kitandani, ukisikiliza mvua juu ya bati na kumshukuru Mungu kwa usingizi mtamu.

Wapo wasemao kwamba maji hayana mwenyewe, na kwamba mvua ni kazi ya Mungu. Ni kweli kwamba mvua ni kazi ya Mungu. Lakini paa ni kazi yako, na uwanja uliosakafiwa ni kazi yako, na mfereji ulioelekea kwa jirani ni kazi ya jembe lako mwenyewe. Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, sheria yasema juu ya mtu awashaye moto, na moto ule ukashika miiba na kuteketeza nafaka ya mwingine. Mtu huyo hawezi kujitetea kwamba upepo ndio uliovuma. Yeye aliyewasha hana budi kulipa. Basi kama Mungu hakuukubali upepo kuwa udhuru wa moto, ataukubali mteremko kuwa udhuru wa maji?

Wengine husema: “Nani alimwambia akae bondeni?” Tujihadhari na neno hilo. Kaini naye, alipoulizwa habari za nduguye, alijibu kwa swali. Mara nyingi maskini hukaa bondeni kwa kuwa hana fedha za kununua pengine. Na mara nyingine alikuwako tangu zamani, kabla bonde halijafanywa mkondo na waliomjia juu.

Wakristu wengi hufikiri kwamba amri ya saba humhusu mwizi avunjaye dirisha usiku. La hasha! Amri ya saba hukataza kumdhuru mwenzio katika mali yake kwa njia yoyote isiyo ya haki, hata kwa uzembe. Nalo Kanisa hufundisha kwamba dhambi ya namna hii haitoshi kuungamwa tu. Yampasa mtu kurekebisha madhara aliyoyafanya kadiri awezavyo. Basi mtu aliyepokea maondoleo Jumamosi, akakomunika Jumapili, na Jumatatu akauacha mfereji wake uendelee kuula ukuta wa mjane, na aitazame upya dhamiri yake.

Wala tusiseme kwamba jambo hili ni la wahandisi na Wazungu. Majirani wa Lundo walio milimani, ndugu zetu Wamatengo wa Mbinga, walilijua kabla ya vizazi vyetu. Kwenye miteremko mikali hulima kwa ngolo. Hufyeka nyasi, huzilaza zikikatizana hata zifanye miraba, kisha huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi. Hivyo mlima mzima hujaa mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki. Mvua ikinyesha, kila shimo hupokea maji yake na kuyashika. Udongo hutuama humo, na maharagwe na mahindi humea kwenye matuta. Mashamba hayo yamesimama vizazi kwa vizazi mahali ambapo ungedhani udongo wote ungekuwa umekwisha shuka ziwani. Siri yake ni kwamba kila shimo hubeba mzigo wake, wala halimtupii mwenziwe aliye chini.

Basi ajengaye nyumba na ajifunze kwa mwenye ngolo. Aweke mifereji ya bati chini ya paa lake na pipa au tangi la kukingia maji. Mkewe na binti zake watapumzika safari kadhaa za kisimani. Achimbe shimo la mawe na kokoto pembeni mwa uwanja, maji yanywewe na ardhi, lakini lisiwe karibu na msingi wala choo. Asisakafu uwanja mzima. Apande majani yenye mizizi mingi mpakani. Na maji yazidiyo yaongozwe kwa mfereji mmoja wa shirika hadi kijitoni, kwa makubaliano ya wote watakaopitiwa, si hadi uani kwa mtu. Nao wanaopima na kuuza viwanja wakumbuke kwamba njia ya maji hupangwa kabla ya nyumba ya kwanza, sawasawa na njia ya watu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo hulinda ukanda wa mita 60 kando ya mito na maziwa. Asiyeogopa sheria ya Mungu katika jirani yake, angalau aikumbuke hiyo.

Na sisi wa Kanisa tusinyoshe kidole kabla ya kujitazama. Katika vijiji vingi, paa lililo kubwa kuliko yote ni la kanisa. Paa la mita za mraba 600, kwa mvua ileile ya milimita 50, hutoa lita 30,000, yaani debe 1,500. Maji hayo yaenda wapi? Kama yanateremkia shamba la muumini maskini, mahubiri yetu juu ya upendo yanapotea mferejini. Halmashauri ya parokia ilitazame jambo hili kabla ya kupaka rangi mpya.

Nao walio chini wana wajibu wao. Wasijenge ndani ya mkondo wenyewe, wasitupe taka mitaroni, wasizibe kalvati, wala wasilipize kisasi kwa kurudisha maji kwa mawe na matusi. Waende kwa jirani kwanza, faraghani, kama Bwana wetu alivyofundisha juu ya ndugu aliyekosa. Asiposikia, wamchukue shahidi mmoja au wawili wa Jumuiya. Asiposikia bado, serikali ya kijiji ipo, na si dhambi kudai haki kwa utaratibu.

Msidhani tunakuza jambo dogo. Mto Msimbazi hushuka kutoka vilima vya Pugu kupita katikati ya Dar es Salaam. Kadiri bonde lake lilivyojaa mapaa na sakafu, ndivyo maji yalivyozidi kuwajia ghafula wakaao chini. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaua watu zaidi ya arobaini jijini, na wengine wengi walihamishiwa Mabwepande. Katika mvua kubwa za 2023 na 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo alilitangazia Bunge mwezi Aprili 2024 kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini. Mvua ile hakuiumba mtu. Lakini mji hujengwa nyumba moja moja, na njia za maji huzibwa hivyohivyo, kidogo kidogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Bwana wetu Yesu Kristu alitupa mfano wa nyumba mbili, moja juu ya mwamba na moja juu ya mchanga. Mvua ikanyesha, mito ikaja. Kila mmoja wetu husikia mfano huo na kuuwazia msingi wake mwenyewe. Ni vema. Lakini yule ajengaye juu ya mwamba, kisha maji yake yakaubomoa msingi wa jirani, bado hajalitenda neno la Bwana, na asiyelitenda neno lile ndiye aliyeitwa mpumbavu.

Basi, baba wa familia, kabla mvua hazijaanza, toka nje ya nyumba yako pamoja na watoto wako. Ufuate mfereji wako kwa miguu hadi mwisho wake, uone unaishia kwa nani. Ukimkuta mtu pale, mpigie hodi, umwulize hali, umsaidie kuuelekeza maji ya paa lako. Huenda hayo yakawa malipizi yako bora ya mwaka huu. Naye Mungu, ambaye huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki, atuhesabie sisi miongoni mwa wenye haki.