Kutengeneza siku kuu mbele ya wakati: ni hekima ao ni kukosa imani?



Kila mwaka mwezi wa kumi na moja unapoingia, tunasikia mazungumzo ya namna moja katika nyumba nyingi. Mama anasema: «Baba, tuanze sasa kuweka kidogo kidogo juu ya Noeli na Bonane.» Baba anajibu: «Mama, Noeli ingali mbali. Bwana alitukataza kuhangaikia kesho. Mungu atatoa.» Mama ananyamaza, lakini moyo wake hautulii. Wote wawili wanataka mema, na wote wawili wanatafuta neno la Mungu la kuwasaidia. Lakini hawasikilizani. Basi, katika ukurasa huu tunataka kuuliza: kutengeneza siku kuu mbele ya wakati, ni hekima ao ni kukosa imani? Na tunauliza swali la pili lililo ndani yake: siku kuu yenyewe ni ya nani?

Tuangalie kwanza mambo yanavyokwenda hapa Lubumbashi, maana hatuwezi kuzungumza habari ya moyo bila kuzungumza habari ya chungu.

Desemba kwetu ni mwezi wa mvua. Barabara za pori zinajaa matope, makala inafika mjini kwa shida, na bei ya mfuko inapanda. Mahindi ya mashamba yetu yanavunwa tangu mwezi wa ine mpaka mwezi wa sita hivi. Mwisho wa mwaka gala nyingi zimekwisha kupungua. Unga mwingi tunaokula unatoka Zambia na kupita Kasumbalesa, na magari yakikawia mpakani, sisi tunaona matokeo katika sahani. Katika mwezi huo mgumu ndipo watu wote wanapokwenda sokoni pamoja, katika juma moja. Anayeuza mchele katika soko la komini ya Kenya anajua vizuri kwamba mtu wa tarehe 23 hana nguvu ya kupatana bei. Fundi wa kushona amepokea vitenge vya nusu ya avenyu, tarehe 24 jioni anasema: «Mama, urudi kesho asubui.» Na kesho asubui watoto wanakwenda kanisani na nguo za zamani, wakilia.

Lakini hasara kubwa si ile ya sokoni. Hasara kubwa iko ndani ya lupango.

Baba anatoka asubui na kurudi usiku, akitafuta feza. Akikosa, anakopa kwa mtu wa riba. Akikosa hata huko, haya inamshika, na tumeona baba wanaokimbia nyumba zao siku ya Noeli, wasionane na macho ya watoto wao. Mama anakesha mbele ya mbabula mpaka jogoo anawika. Siku yenyewe inapofika anapika, anapakua, anaosha sahani, anapokea wageni, na watu wanapoanza kuimba yeye analala kwenye kiti. Watoto wanakula nyama, lakini hawakupata baba wala mama. Kisha mwezi wa kwanza unafika. Masomo yanaanza tena. Ni kweli kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni bure tangu mwaka 2019, lakini wakubwa walio katika sekondari wangali wanaombwa minervali. Sisi mashemasi, tunapopita nyumba kwa nyumba wakati ule, hatukuti mabaki ya furaha. Tunakuta deni limeketi mezani kama mgeni asiyetaka kwenda. Siku moja imekula miezi mitatu.

Sasa turudi kwa neno la baba. Ni kweli, Bwana alifundisha tusihangaike. Tunasoma katika Mateo sura ya 6. Lakini Maandiko yale yale, katika Mezali sura ya 6, yanamtuma mvivu kwenda kujifunza kwa chungu, kile kidudu kidogo kinachokusanya chakula wakati wa mavuno. Na katika Mwanzo sura ya 41 Yosefu aliweka sehemu moja ya tano ya mavuno ya Misri kwa miaka saba, na hakuna aliyemwambia kwamba hana imani. Je, Mungu anajipinga? Hapana. Kuhangaika ni jambo moja, kutengeneza ni jambo lingine. Anayehangaika anaibeba kesho kichwani, usiku na mchana. Anayetengeneza anaiweka kesho ndani ya kapu, anafunika, kisha anaketi kula na watoto wake leo.

Na tuangalie matunda. Yule aliyesema mwezi wa kumi na moja «Mungu atatoa», asiweke hata kikombe kimoja cha mchele, ndiye asiyelala usiku wa tarehe 22. Neno lake lilikuwa la imani, lakini kazi yake imemleta katika mahangaiko yale yale Bwana aliyoyakataza. Yule aliyeanza mapema ana nafasi ya kuomba, kucheka, kumtembelea mgonjwa. Basi, ni nani anayehangaikia kesho?

Wengine watasema: «Feza yetu ni kidogo, tuweke nini?» Wazee wetu walijua jambo moja ambalo vijana hawakuliona. Katika miaka ya 1990 feza iliyowekwa ndani ya sanduku iliyeyuka kama chumvi ndani ya maji. Mwezi wa kumi mwaka 1993, serikali ilipoleta zaire mpya, zaire za zamani milioni tatu ziligeuka kuwa zaire mpya moja tu. Mama waliokuwa na akili hawakuweka makaratasi, waliweka maharagi. Walichanganya na majivu ya mbabula ili vidudu visiyaharibu, na maharagi hayakupoteza bei. Hata leo, mwenye kidogo ndiye anayehitaji zaidi kuanza mapema. Mwenye nyingi anaweza kununua vyote kwa siku moja. Mwenye kidogo, mkubwa wake ni wakati.

Hata hivi, hatutaki kumpa mama haki yote kabla ya kumwonya yeye pia. Kuna kutengeneza kunakoharibu nyumba kuliko kutokutengeneza. Tunajua nyumba ambamo tangu mwezi wa tisa hakuna neno lingine: hesabu, orodha, «usiguse hiyo, ni ya Noeli». Watoto wanakula bukari na sombe bila mafuta, wakitazama bidoni ya mafuta iliyofungwa. Baba akileta maembe mawili, anaulizwa kwa nini hakuweka ile feza. Nyumba ile inaishi miezi mine katika ukali ili icheke siku moja. Hiyo nayo ni kuhangaika, ila imevaa nguo ya hekima.

Tunakumbuka Marta na Maria katika Luka sura ya 10. Bwana hakumkemea Marta kwa sababu ya chungu. Naye alikuwa mgeni. Aliona moyo uliogawanyika katika mambo mengi, hata Marta akamkasirikia ndugu yake mbele ya mgeni. Hapo tunapata kipimo cha matengenezo yetu: yanakusanya watu ao yanawatawanya? Kama tunatengeneza siku kuu na kugombana kila siku, tunajenga meza na kubomoa nyumba.

Basi siku kuu ni ya nani? Historia ya inchi yetu inatusaidia kujibu. Mwaka 1974 serikali ya Zaire iliondoa Noeli katika hesabu ya siku za mapumziko. Tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi kama siku zingine. Wazazi wetu walikwenda kazini, watu wa ofisi katika ofisi, wachimba migodi katika migodi. Lakini Noeli haikufa. Jioni baba alirudi, watoto wakakusanyika, wakaimba, wakala kilichokuwako. Leo siku hiyo imerudi katika hesabu. Na wandugu Wakimbanguisti wanasherehekea Noeli tarehe 25 Mei, nao wanasherehekea na watu wa nyumba zao. Kalenda inaweza kutupa siku ya kupumzika, lakini siku kuu inazaliwa na watu walioketi pamoja. Tazameni tena tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi: asubui watu wanashika jembe na kusafisha makaburi ya wazee wao, kisha wanarudi kuketi na wazazi walio hai. Jembe lilikuwako nyumbani tangu zamani, na ile siku ni kuu kweli.

Kwa hiyo tunajibu hivi: kutengeneza mapema ni kwema, kama matengenezo yenyewe ni maisha ya nyumba. Si kazi ya mama peke yake gizani, ili wengine wafurahi mchana. Tuseme namna.

Kwanza, tufuate majira. Mfuko wa makala ununuliwe mbele ya mvua kuwa kali. Kitenge kifike kwa fundi mwezi wa kumi, wakati mikono yake ingali mitupu. Mwenye nafasi ya kufuga anunue vifaranga vya kuku wa nyama mwanzo wa mwezi wa kumi na moja. Kwa majuma sita ao saba wanatosha kuliwa, na watoto watakuwa wamejifunza kulisha kiumbe cha Mungu.

Pili, walio katika likelemba wasigombee wote zamu ya Desemba. Anayepokea mwezi wa nane ao wa tisa ana heri: wakati ule bei ingali chini, anaweza kulipa minervali kwanza, kisha kununua mchele na maharagi. Shule ije mbele ya nyama. Mtoto hatakumbuka kipande cha kuku, lakini atakumbuka siku aliyorudishwa nyumbani mbele ya wenzake.

Tatu, kazi ifanywe pamoja. Jioni umeme unapokatika, mweke maharagi juu ya lungo, taa katikati, kila mtu achague. Bibi asimulie habari za kijiji. Vijana wajaribu nyimbo za korasi. Baba asiseme kwamba hiyo ni kazi ya wanawake. Mkono uliopokea mshahara unaweza pia kutoa mawe ndani ya mchele. Jioni ya namna hiyo tayari ni siku kuu, ila haina jina katika kalenda. Nyumba iliyopata jioni kumi za hivi haitalia sana kama tarehe 25 nyama imekuwa kidogo, maana furaha yake haikufungiwa ndani ya siku moja.

Ine, tupokee vya leo. Mwezi wa kumi na moja, baada ya mvua za kwanza, inswa wanatoka ardhini usiku, uyoga unafika sokoni, maembe yanaanza kuiva. Hivyo ni vya kula sasa, na Mungu hakuviumba ili vingoje Noeli. Mama asiogope kuweka mafuta kidogo katika sombe leo. Atakayekula vizuri kidogo kila siku hatafanya ulafi siku kuu.

Tano, katika kapu letu tutenge sehemu ya mwingine. Katika kila avenyu kuna mjane, kuna mzee aliyeachwa, kuna watoto wasio na wazazi. Tusingoje kuwapa mabaki. Kikombe kimoja katika kila vikombe kumi kiwe chao tangu mwanzo, na kipelekwe kimya, usiku, bila kupiga kelele. Na ikiwa mwaka huu nyumba yetu ndiyo iliyokosa, baba asikimbie. Awaite watoto, awaambie kweli: «Mwaka huu tuna hiki tu.» Watoto wanaweza kustahimili sahani ndogo. Kiti kitupu cha baba ndicho kinachowashinda.

Na mwisho, kazi iwe na mwisho. Tarehe 24 jioni, kilichokwisha kimekwisha, kilichobaki kibaki. Mama aketi. Mtu mwingine achote maji.

Wapendwa, leo jioni baba na mama waulizane maswali haya matatu mbele ya sala. Mwaka jana, siku ya Noeli, tulikaa saa ngapi pamoja bila kazi na bila hasira? Deni la siku ile lilikwisha mwezi gani? Na juma hili, ni kazi gani ndogo tunayoweza kufanya pamoja na watoto wetu? Kama la tatu limepata jibu, muanze kesho, hata kwa kikombe kimoja.

Bwana abariki kapu lenu, abariki zaidi wale wanaoketi kulizunguka. Amina.