Rangi ya Ua

Je, mtu ana haki ya kubadili rangi ya ua kwa sababu tu rangi mpya itamfurahisha? Wako wasemao kuwa huo ni ujeuri mbele ya maumbile. Hukumu hiyo ni ya haraka, kwani mtunza bustani haumbi rangi. Huchagua miongoni mwa zile ambazo maumbile yenyewe yamezitoa.

Kiasi cha mwaka 1880, kasisi mmoja wa Uingereza, William Wilks, aliona katika pembe ya bustani yake mpopi wa mwituni. Ua la mmea huo kwa desturi ni jekundu, lakini hilo lilikuwa na ukingo mwembamba mweupe. Alihifadhi mbegu zake, akazipanda. Kila mwaka alitunza maua yaliyompendeza, akang'oa mengine, hata akapata meupe na ya waridi. Wengine huchanganya: hupaka chavua, yaani unga wa ua moja, katika ua jingine, kisha hulifunika ili nyuki wasilete unga mwingine. Kazi hiyo hufundisha subira na ukweli, maana mbegu haidanganywi.

Hata hivyo, jicho lipendalo rangi huweza kusahau mengine. Sisi tukaao Kisumu tunalo funzo mlangoni petu. Gugumaji si mmea wa kuchanganywa. Asili yake ni Amerika Kusini, na watu walilieneza duniani kwa kupenda ua lake la zambarau. Walitazama ua, hawakutazama uzazi wake. Kiasi cha mwaka 1990 lilionekana upande wetu wa Ziwa Victoria, na kufikia mwaka 1998 lilikuwa limefunika eneo kubwa katika Ghuba ya Winam, mitumbwi ikazuiliwa ufukoni. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Aliyefurahia ua alikuwa mbali. Aliyekosa samaki alikuwa mvuvi wetu.

Basi kosa haliko katika kupenda uzuri. Wilks alikaa na mimea yake, akaipalilia, akawa tayari kung'oa alichokiotesha mwenyewe. Waliolieneza gugumaji waliliachia maji ya watu wengine. Msomaji, ukitaka kubadili kitu kilicho hai, au kukihamisha, usiulize rangi yake peke yake. Uliza pia kitazaaje, kitafika wapi, na ni nani atakayeshika jembe siku ya kuking'oa.