Kwa Mwana Anayekwenda Kusoma Wiki Tatu Ng'ambo

Wanangu wa Kericho na Bomet, na hasa ninyi mnaofungasha kwenda Oxford au Cambridge kwa masomo ya wiki mbili tatu za majira ya joto, nina maneno nanyi. Nimenyamaza misimu kadhaa nikidhani mambo yatajirekebisha. Hayakujirekebisha. Mtu anaagwa kanisani kwa maombi na machozi, kisha hatujui hata amerudi lini. Tunamwona tu kwenye simu, amesimama mbele ya mnara wa mawe, na chini yake ameandika: "Msomi wa Oxford."

Tuanzie hapo, maana ndipo panaponiuma. Oxford ni chuo kikongwe. Masomo yalikuwa yakifundishwa pale tangu 1096, na Cambridge ilianza 1209, wasomi walipokimbia ugomvi wa mjini Oxford. Mahali pa umri huo hapakupi jina lake kwa wiki tatu. Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, alisoma Manchester, akasoma Columbia kule New York, ndipo akapata udaktari wake Oxford mwaka 1966. Julius Nyerere alikaa Edinburgh tangu 1949 hadi 1952 kabla ya kurudi na shahada. Hao walisoma huko. Wewe umehudhuria kozi fupi, basi sema, "Nilihudhuria kozi fupi." Hakuna aibu ndani yake. Wiki tatu za kusoma kwa bidii ni mali, na anayezitaja kwa kipimo chake tutamheshimu. Aibu ni kumkuta kijana amejaza bango la kuomba kura jina la chuo ambacho hakina kumbukumbu yake katika orodha ya wahitimu. Huo ni uongo, na kwetu mwongo hapewi fimbo ya kuongea barazani.

Wazazi nao wanisikie. Si kila kozi inayofanyika ndani ya kuta za Oxford ni kozi ya Oxford. Chuo kikuu kile kimeundwa na vyuo vidogo vingi, na wanafunzi wa kawaida wakienda likizo, vyuo hivyo hukodisha vyumba, kumbi na meza za chakula. Kampuni binafsi hukodi, huajiri walimu wake, hupiga picha nzuri na kutangaza ulimwenguni kote. Nyingine zina walimu wazuri na zinafundisha kwa moyo. Lakini cheti utakachopewa ni cha kampuni, wala si cha chuo kikuu. Chuo kikuu chenyewe kina kozi zake. Cambridge imekuwa ikiendesha za majira ya joto tangu 1923. Kwa hiyo kabla hujaitisha kikao cha harambee, kaa na mwanao, fungueni tovuti ya chuo kikuu chenyewe, tafuteni kozi hiyo humo. Msipoiona, waandikieni barua pepe muulize kama wanaitambua. Barua inayosema "umechaguliwa miongoni mwa wachache" isikutoe machozi ya furaha kabla ya kusoma ukurasa wa ada. Aliyechaguliwa kwa kipaji chake kwa kawaida hupunguziwa ada au kusamehewa kabisa. Anayeombwa paundi elfu kadhaa kwa wiki mbili huenda amechaguliwa kwa mfuko wake tu.

Na fedha zipitie mikono michache inayojulikana. Mwaka 2023 tuliwaona wazazi wa Uasin Gishu, majirani zetu, wakiandamana Eldoret kwa sababu karo waliyolipa kwa ajili ya watoto wao waliokwenda Finland na Kanada haikuwafikia wenye vyuo. Walikuwa watu kama sisi, waliouza shamba na ng'ombe. Lipeni moja kwa moja kwa anayefundisha, mchukue risiti, na nakala ibaki kwa katibu wa kamati ya harambee.

Sasa nawe unayekwenda. Jua nauli yako imetoka wapi. Imetoka kwenye bonasi. Mama amesubiri mwaka mzima, amechuma majani mawili na kichipukizi tangu umande haujakauka, ameyabeba mgongoni hadi kituo cha kununulia, ameangalia karani akikata kilo mbili za gunia na za maji, na bonasi ilipotoka, ambayo huku kwetu haifiki ile ya wenzetu wa upande wa Mlima Kenya, alilipa deni la duka na sacco kisha kilichobaki akakuletea wewe. Nimeshika mikono ya akina mama hao siku ya harambee. Utomvu wa chai umeingia kwenye nyufa za vidole ukawa mweusi, sabuni haiutoi. Yuko kijana mmoja ambaye bibi yake aliuza mtamba ili apate tiketi. Aliporudi alipita njiani ndani ya gari, kioo kimepandishwa, bibi amesimama pale njia panda. Hakushuka. Nilikuwepo, na mpaka leo nikimwona kijana huyo salamu inanikwama kooni. Heshima si utumwa, wanangu. Kushuka garini kumwamkia bibi hakukupunguzii Kiingereza ulichoongeza.

Ukifika huko, mtu wa kwanza kukutana naye ni bawabu wa lango la chuo. Usimpite kama nguzo. Ndiye mwenye funguo, barua na taarifa zote za mahali pale, na wengi wao wamekaa hapo miaka mingi kuliko walimu. Msalimie, mtajie jina lako, muulize jina lake. Vilevile mfanyakazi anayesafisha chumba chako. Nasikia vijana wetu wakifika huko wanageuka mabwana: kitanda kama kilivyoamkwa, taulo sakafuni, vikombe vimeota ukungu dirishani, kwa kuwa "kuna mtu wa kusafisha." Mtu huyo ni mama wa mtu. Watoto wengi wa mashamba haya wamelelewa kwa mshahara wa mama anayesafisha nyumba za mameneja wa chai, na nyinyi mnajua jinsi anavyorudi jioni amenyamaza siku ambayo amedharauliwa. Tandika kitanda chako. Osha kikombe chako. Siku ya kuondoka mtafute umshukuru kwa mdomo wako.

Nyasi za uani hazikanyagwi. Ukiona kibao, kitii. Usipokiona, pita pembeni.

Mezani, wenzako wakisimama kwa sala ya Kilatini, nawe simama. Huhitaji kuielewa.

Mursik usibebe. Uingereza hairuhusu wasafiri kutoka kwetu kuingia na maziwa wala nyama, na kibuyu alichokifukiza shangazi kwa mkaa wa senetwet kitaishia pipani uwanja wa ndege. Mwombe akutunzie mpaka urudi.

Saa za darasa ni saa. Usiende na ile desturi yetu ya mkutano wa saa nne kuanza saa sita. Jua la Julai huko huzama baada ya saa tatu usiku, basi usingoje giza ndipo ulale, utachelewa kila asubuhi.

Jambo la kunyamaza nitalizungumza kwa upole, kwa sababu hapa kosa si la mtoto, ni la malezi mema yaliyokwenda mahali yasipoeleweka. Sisi tumewafunza msiwatazame wazee machoni, msiwakatize, msubiri kuulizwa. Ni adabu nzuri na sitaki muiache hapa nyumbani. Huko, mwalimu atakaa na wanafunzi wachache, wakati mwingine wawili tu, mmoja asome insha yake, kisha amgeukie wa pili: "Wewe waonaje? Amekosea wapi?" Ukiinamisha macho, hataona adabu. Ataona mtu ambaye hakusoma. Kubishana na mwalimu kwa hoja ndiyo heshima anayoitaka kwako, na yeye amezoea hivyo. Kwa hiyo soma usiku, andika hoja mbili tatu kwenye karatasi, na asubuhi mtazame usoni useme, "Mimi naona tofauti, kwa sababu hii." Sauti itatetemeka siku ya kwanza. Endelea tu. Usipoelewa, uliza, kuuliza si ujinga. Lakini yuko na mwingine, wa upande wa pili, anayeropoka ili asikike, hajasoma hata ukurasa. Huyo anatuaibisha zaidi ya aliyenyamaza.

Watakuuliza unatoka wapi. Ukijibu "Kericho," mtu atakuambia ameiona kwenye pakiti ya chai, kisha atangoja uendelee. Na hapa wengi wenu hamna la kuendelea nalo, jambo linalonikasirisha kuliko yote. Mnakariri wafalme wa Uingereza na hamjui ardhi mnayoishi. Someni kabla ya kupanda ndege. Jueni kwamba kampuni kubwa za chai ziliingia Kericho miaka ya 1920, kwenye ardhi ambako wenyeji waliondolewa. Jueni kwamba mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwang'oa watu wa ukoo wa Watalai, ikawapeleka Gwassi kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbu na mbung'o, na kwamba mwaka 2022 madai ya Wakipsigis na Watalai yalifikishwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg. Jueni bei ya majani yenu inavyopatikana kwenye mnada wa Mombasa, na kwamba sehemu kubwa ya chai wanayokunywa hao wenyeji wenu hutoka Kenya. Ukiyajua haya, utayaeleza bila kelele na bila kujikunyata, na mtu mwenye akili atakusikiliza.

Tena, ukipewa ruhusa ya kuingia maktaba ya Bodleian, iliyofunguliwa 1602, na ambako msomaji bado hutoa ahadi kwamba hataharibu kitabu wala kuwasha moto ndani, usiitumie kupigia picha. J. G. Peristiany aliandika kitabu kuhusu Wakipsigis kilichotoka mwaka 1939, na baadaye alifundisha Oxford. Kiitishe. Kaa nacho. Andika alichosema kuhusu baraza la kokwet, kuhusu rika, kuhusu mahari, kisha uje umsomee babu yako umuulize wapi mgeni yule alipatia na wapi alikosea. Maktaba hiyo inahifadhi pia barua na makaratasi ya maofisa wa kikoloni waliofanya kazi Afrika, yaliyoanza kukusanywa kwa mpango maalumu mwaka 1963. Ukipata siku moja humo, siku hiyo ina thamani kuliko zote za kuzunguka London na mfuko wa manunuzi.

Sasa la viza. Viza ya mgeni hukuruhusu kukaa hadi miezi sita, na kozi yako ni wiki tatu. Haikuruhusu kufanya kazi. Najua kuna sauti zitakazokunong'oneza: binamu yuko Luton, kuna kazi ya ghala, nani atajua? Usithubutu. Ukipotelea huko, ofisa anayesoma maombi ya viza hatakumbuka jina lako peke yako. Ataikumbuka shule yako, na wodi yako, na mwalimu aliyekutilia sahihi. Binti aliyekuwa akisubiri zamu yake mwaka unaofuata huenda akanyimwa kwa ajili yako. Aliyetoa bahasha yake kwenye harambee alitoa ili urudi. Kama unataka kuishi Uingereza, rudi kwanza, uombe kwa njia yake, uende mchana kweupe.

Ukirudi, nenda nyumbani kabla ya mjini. Wiki ya kwanza pita kwa mwalimu mkuu wa shule yako ya msingi, uombe kipindi kimoja, uwafundishe watoto jambo moja ulilojifunza. Usiwaletee lafudhi mpya. Waletee lile somo. Kanisani ukipewa nafasi ya shukrani, taja majina ya waliochanga, hata yule wa shilingi hamsini. Na hesabu ya fedha iletwe kwa kamati ndani ya mwezi mmoja, risiti kwa risiti. Kilichobaki, hata kikiwa shilingi mia tano, kirudi kwa mweka hazina kabla hatujaanza kumchangia mwingine.