Je, Amedanganya Aliyesema Anajua Kuendesha?

Wasomaji mtanivumilia, maana naanza na gari. Swali lipo, lakini bila gari halieleweki.

Mwaka 1997 kampuni ya Honda ilitoa huko Japani gari linaloitwa Civic Type R, lile ambalo wapenzi wa magari wanaliita EK9. Ukilitazama kwa nje ni Civic ya milango mitatu, mgongo umekatwa nyuma, gari la kupeleka watoto shule na kurudi na mboga. Ndani waliweka injini ya lita 1.6, haina tabo, na injini hiyo ndogo inatoa nguvu ya farasi 185. Lakini haitoi bure. Lazima uipandishe mpaka mizunguko 8,200 kwa dakika, na injini nyingi za magari tunayopanda sisi zingekuwa zimekwisha kupasuka kabla ya kufika huko. Chini ya mizunguko kama 6,000 ni gari la upole tu. Ukipita hapo vali zinaanza kufunguka kwa namna nyingine, na sauti inageuka ghafla, kama mtu aliyekuwa akinong'ona akapiga yowe. Nembo ya Honda mbele ni nyekundu. Rangi yake nyeupe ndiyo ya kukumbuka gari la Honda lililoshinda Formula 1 kwa mara ya kwanza, Mexico mwaka 1965. Honda waliliuza Japani peke yake.

Sasa mtu wa kambini amelijulia wapi? Kwenye gemu. Gran Turismo ya kwanza, ya PlayStation, ilitoka Japani mwaka huohuo wa 1997, na katika toleo la nne, lenye magari zaidi ya 700, EK9 limo. Toleo hilo ndilo liko kwenye banda la michezo hapa kwetu, diski ya kunakili, PlayStation 2 iliyochoka, jenereta inakohoa nyuma ya turubai. Wengi wanalipa kucheza mpira. Kijana mmoja wa bloku yetu, miaka 19, analipa kuendesha Civic.

Nimemwangalia mara nyingi. Anajua kwamba gari hilo linavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo ukiingia kona na mbio nyingi pua inakataa kugeuka, inakwenda zake nje. Anajua kwamba ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona mkia unaweza kutoka. Anapiga breki mapema, gari likiwa bado limenyooka. "Yaya," aliniambia siku moja, "hii gari iko yangu. Minaijua kuliko mwenyewe wake." Sikumcheka. Wenye gari ambao hawajui kwa nini linateleza wapo wengi, nimepanda nao.

Halafu shirika moja likaja kuandikisha vijana na ujuzi wao. Mimi nilikuwa mkalimani kwenye meza. Alipofika zamu yake akasema: udereva. Afisa akauliza leseni iko wapi, hakuna. Ameendesha gari gani, akataja Civic. Wapi, akasema bandani. Afisa akacheka, akachukua kalamu, akakata neno lile. "Usidanganye, kijana." Naye akajibu kwa heshima, "Sidanganyi, mzee. Minajua." Mstari mzima ukaangua kicheko.

Tangu siku ile swali halijaniacha. Je, alidanganya?

Kudanganya ni kusema jambo ambalo mwenyewe unaamini si kweli, ili mwingine aliamini. Yeye aliamini. Na alipoulizwa wapi, hakuficha banda. Mwongo angetaja mjomba mwenye teksi huko Uvira. Kwa hiyo neno la afisa halikuwa sahihi, na kwa mtu ambaye maisha yake yote yanategemea kuaminiwa anaposimulia habari zake mbele ya meza kama ile, kuitwa mwongo si jambo dogo. Ninyi mnaofanya kazi kwenye meza hizo, hili nawaomba mlishike.

Lakini kutodanganya si sawa na kujua. Hapo ndipo pagumu.

Kuna Mwingereza anaitwa Jann Mardenborough, aliyekulia Wales. Alikuwa mchezaji wa Gran Turismo tu. Mwaka 2011 alishinda mashindano ya Nissan yaliyoitwa GT Academy, yaliyotafuta madereva miongoni mwa wacheza gemu, na mwaka 2013 alikuwa Le Mans, mbio za saa 24, timu yake ikashika nafasi ya tatu katika daraja lake. Kabla yake Mhispania Lucas Ordóñez alipita njia hiyohiyo. Basi mtu asituambie kwamba kinachojifunzwa mbele ya skrini ni upepo. Macho yanajifunza, vidole vinajifunza, hata subira inajifunza.

Na gemu lenyewe halikubali udereva wa mdomo. Kabla ya mbio kubwa unapewa mitihani ya leseni: ondoka, simama ndani ya mstari, pita kona moja, kisha kona zaidi. Kuna shaba, fedha na dhahabu. Ukishindwa unarudia, mara 100 ukitaka, na hakuna anayekuuliza umetoka nchi gani wala kadi yako ya mgao ina namba ngapi. Ofisi yenye haki kama hiyo sijaiona mahali pengine.

Ila kurudia kule mara 100 ndiko kunakonitia mashaka. Unarudia kwa sababu hakuna kilichovunjika. Katika toleo lile la nne unagonga ukuta kwa mbio zote, Civic inadunda, inaendelea, haina hata mkwaruzo. Machi 2015, huko Nürburgring Ujerumani, gari la Mardenborough lilinyanyuka mbele kwenye kilima, likaruka uzio, na mtazamaji mmoja akafariki. Pale hakuna kitufe cha kuanza upya. Mwaka 2023 ilitoka filamu juu ya maisha yake, nayo imeweka ajali ile kabla ya Le Mans, kama vile kifo cha mtu kilikuwa ngazi ya shujaa kupandia. Kwa kweli ilitokea miaka miwili baadaye. Hilo silipendi. Mtu aliyekuja kutazama magari hakufa ili hadithi ya mwingine iwe tamu.

Kwa hiyo naona kuna sehemu ya udereva ambayo gemu halina njia ya kuifundisha, nayo haiko mikononi. Ni kujua kwamba kando ya barabara kuna mama na ndoo ya maji, na kwamba kosa lako atalilipa yeye. Ujuzi huo hautoki kwenye kitu ambacho hakimwumizi mtu. Kijana wetu anajua gari. Barabara yenye watu hajaijua bado, na hayo ni mambo mawili.

Hata hivyo nageuza kichwa namwona jirani yangu wa mlango wa tatu. Huko Kivu alikuwa muuguzi miaka mingi, amezalisha wanawake kwa mwanga wa tochi, risasi zikilia. Huyo ujuzi wake umepimwa na damu ya watu. Lakini karatasi zake ziliungua, na alipofika kwenye meza kama ile naye aliandikwa "hana ujuzi." Kama afisa angekuwa anapima hatari na uzoefu, angemkata kijana na kumwandika mama. Kumbe aliwakata wote wawili, kwa kalamu ileile, kwa sababu ileile. Basi alichopima ni karatasi. Na karatasi ni kitu kizuri, sisemi vibaya, hata mimi nisingependa kupanda basi la mtu asiye na leseni. Ila usimwambie mtu kwamba hajui wakati unachomaanisha ni kwamba hana cha kuonyesha.

Swali la pili lilikuwa jepesi, na halikuulizwa: unajua nini, na bado hujajua nini? Nilimwuliza mwenyewe, tumeketi nje ya banda, jenereta imezimwa. Akafikiri. Yale ya kona na breki akayasema vizuri sana. Kisha akanyamaza kidogo, akaangalia miguu yake, maana bandani gari linaendeshwa kwa pedi, vidole tu.

"Yaya," akasema, "klachi. Wanasema iko ya mguu wa kushoto. Sasa huu mguu unajua namna gani wakati wa kuachia?"

Sikuwa na gari la kumwonyeshea.