Bahari Ndani ya Kioo

Vijana kadha wa mji wetu wa Kisangani wameona picha za masanduku ya kioo yenye maji ya chumvi, na ndani yake matumbawe na samaki wa rangi nyingi. Wametuuliza mambo mawili. Je, mtu wa Tshopo aweza kutengeneza kitu kama hicho? Na je, ni halali kumfunga kiumbe ili kufurahisha macho tu? Swali la kwanza ni la mikono, la pili ni la dhamiri. Lakini yafaa kuyajibu pamoja, maana anayelijua vema la kwanza amekwisha kulikaribia jibu la pili.

Kwanza tujue ni viumbe gani tunaowataja. Matumbawe si mawe wala si maua. Ni wanyama wadogo sana, wakaao pamoja na kujijengea nyumba ya chokaa. Katika miili yao huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, nayo huwalisha kwa nguvu ya mwanga. Joto la maji likizidi, mimea hiyo hutoka, tumbawe likabaki jeupe, na mara nyingi hufa. Mwaka 1998 joto la namna hiyo liliua matumbawe mengi mno katika Bahari ya Hindi, hata pwani za Kenya na Tanzania.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Kisangani iko mbali na bahari: kwa njia ya mto, mpaka Kinshasa tu ni kilometa 1,700 hivi. Basi bahari hiyo ndogo ni lazima kuitengeneza. Kila lita ya maji yataka gramu 35 hivi za chumvi, wala si chumvi ya jikoni, bali ile iliyochanganywa na madini mengine ya bahari. Joto liwe kama digrii 25. Maji yakipungua kwa kukauka, chumvi hubaki. Kwa hiyo kila siku huongezwa maji matamu yasiyo na chumvi. Tena wengi hudhani kwamba sanduku dogo ni jepesi kwa mwanafunzi. Sivyo. Kadiri maji yalivyo machache, ndivyo yanavyoharibika upesi.

Lililo gumu kuliko yote ni kungoja. Uchafu wa samaki na mabaki ya chakula hutoa sumu iitwayo amonia. Baharini wako bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa. Katika sanduku jipya bakteria hao hawajakuwa wengi. Huhitaji mwezi mmoja au zaidi. Mwenye haraka huona maji yanang'aa, huweka samaki siku ya kwanza, nao hufa. Maji meupe si lazima yawe maji salama.

Twaona basi kwamba bahari ilikuwa ikifanya kazi nyingi bila kuombwa: kupoza, kusafisha, kuleta hewa. Anayemtoa kiumbe baharini amejitwika kazi hizo zote. Mwaka 1846, huko Uingereza, bibi mmoja jina lake Anna Thynne alichukua matumbawe kutoka pwani ya Torquay, akayaleta kwake London. Ili yapate hewa, maji yalimiminwa toka chombo hata chombo mbele ya dirisha lililo wazi, kwa nusu saa au zaidi, kila siku. Lakini aliyemimina ni mtumishi wa nyumba. Furaha ilikuwa ya bibi, mikono ya kuchoka ilikuwa ya mwingine. Hapa kwetu, umeme utokao mto Tshopo ukikatika usiku na mashine ya hewa ikasimama, nani ataamka kuyakoroga maji? Kama jibu ni «mtoto wa shangazi tunayemlea», sanduku hilo halijajengwa kwa haki.

Mtu atasema: «Mbona Wagenia hutega migono yao katika maporomoko na kukamata samaki, na hakuna anayewalaumu?» Twajibu: Mgenia hukamata ili watu wale, na deni lake kwa samaki huyo huisha siku ile ile. Amfungaye kiumbe hai kwa ajili ya uzuri wake, deni lake huanza upya kila asubuhi.

Tena liko deni kwa bahari. Philip Henry Gosse aliandika mwaka 1854 kitabu kilichowavuta Waingereza wengi kupenda masanduku haya. Watu wakamiminika pwani na kuchota, hata mwanawe Edmund, katika kitabu chake cha mwaka 1907, akasikitika kwamba madimbwi mazuri ya miambani yameachwa matupu. Walipenda, lakini walipenda kwa mikono ya kunyang'anya. Siku hizi wako samaki wa namna hiyo wanaozalishwa na watu, kama wale wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari mieupe. Ni bora kununua hao kuliko waliotolewa mwambani.

Basi, kumfunga kiumbe si kosa kwa lenyewe. Huwa kosa pale mtu anapotaka uzuri na kukataa utumishi. Asiye na umeme wa hakika, wala subira ya mwezi mmoja, wala mikono yake mwenyewe ya kufanya kazi, aiache bahari mahali pake. Wala neno hili si la wenye vioo peke yao. Kasuku wa kijivu wa misitu yetu amefungwa katika vibanda vingi, naye hajui kusema maneno yale ambayo angetaka sana kutuambia.