Kura Zetu na Dola Rafiki

Vijana wa darsa yetu hapa Pumwani wametuletea suala ambalo hatukuona vyema kulijibu kwa neno moja tukaliacha. Wasema: Mgombea ajapo mtaani akaahidi kwamba akipata serikali atavunja urafiki na Marekani, au atalirudisha jeshi kutoka Somalia, je, yajuzu Mwislamu kumpa kura kwa ahadi hiyo peke yake? Na asipompa, atakuwa amewasaliti ndugu zake waliodhulumiwa kwa sababu ya urafiki huo?

Twajua kuwa baadhi ya wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu watasema: mambo ya dola na dola yana wenyewe, sisi yatuhusu nini? Lakini huku upande wa mashariki ya Nairobi, tangu Majengo na Shauri Moyo hata Eastleigh, siasa ya nje haikai katika afisi za wizara. Hufika usiku ikabisha hodi, na pengine haibishi. Na huko Pwani pia imekwisha kufika, kama tutakavyoeleza.

Mwisho wa mwaka 2006 majeshi ya Ethiopia, kwa msaada wa Marekani, yaliingia Somalia yakawaondoa watu wa Mahakama za Kiislamu waliokuwa wakiutawala mji wa Mogadishu. Watu wakakimbilia mpaka wa Kenya. Kenya ikaufunga mpaka, ikawakamata waliovuka, na wengine ikawakamata mijini. Baina ya Januari na Februari 2007 ndege tatu za kukodiwa zilichukua zaidi ya watu 80 kutoka Nairobi hata Somalia, na wengi wao wakapelekwa kutoka huko kwenye magereza ya Ethiopia. Walikuwamo Wakenya, walikuwamo wanawake, walikuwamo watoto. Maombi ya kutaka waletwe mbele ya hakimu yalipelekwa mahakamani Nairobi, na ndege zikaruka vivyo hivyo. Katika Februari hiyo hiyo mtu mmoja alikamatwa mjini Mombasa, akatiwa mikononi mwa Wamarekani, na mwezi wa Machi akawa Guantanamo.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Basi dhulma ile ikawa maneno ya majukwaani. Tarehe 29 Agosti 2007 Bwana Raila Odinga alitia sahihi mapatano na Baraza la Viongozi wa Waislamu lijulikanalo kama NAMLEF, na khabari ya waliopelekwa nje ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomo. Serikali ya Rais Kibaki nayo, zikiwa zimesalia wiki chache kura kupigwa, iliunda kamati ya kuyasikiliza malalamiko ya Waislamu. Kisha ikazuka karatasi ya uwongo, ikidai kuwa mapatano yale yameahidi sharia itawale Pwani na Kaskazini Mashariki. Ilienea makanisani, na wengi wakaiamini. Ilipofika Novemba karatasi ya kweli ikatangazwa hadharani, lakini kwa wakati huo hapana aliyekuwa akizungumza tena juu ya watoto waliokuwa gerezani Ethiopia. Ugomvi ulikuwa ni nani rafiki wa Waislamu na nani adui wa Wakristo.

Yaliyofuata kila mtu anayajua. Kura zilipigwa tarehe 27 Desemba 2007, matokeo yakagombaniwa, zaidi ya watu 1,100 wakauawa. Februari 2008 ikafanywa suluhu, na aliyetoa ahadi akawa Waziri Mkuu katika serikali ya pamoja. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Wakenya wanane walirejeshwa kutoka Ethiopia, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini Julai 2010, baada ya mabomu ya Kampala kuua zaidi ya watu 70, Wakenya wengine walichukuliwa wakavushwa Uganda kwa njia ile ile, pasi na hukumu ya kuwatoa nchini. Serikali iliyokuwapo ni ile ambayo mwenye ahadi alikuwa ndani yake. Oktoba 2011 serikali hiyo hiyo ikapeleka jeshi Somalia. Hatusemi kuwa ahadi ilitolewa kwa hadaa. Yaliyo moyoni mwa mtu anayajua Muumba wake. Twasema kuwa mtu aliyeahidi akiwa nje ya nyumba alipoingia ndani alimkuta yule rafiki amekwisha kukaa barazani, anakunywa kahawa, na hesabu zake na mwenye nyumba ni za miaka mingi.

Hapa ndipo penye kosa la kufikiri ambalo twataka vijana walione. Waliowapigania wale waliosafirishwa walifanya haki, na kufanya mapatano na mtaka uongozi si haramu. Lakini dhulma ilipofungamanishwa na mtu mmoja na kambi moja, ikawa mali ya kambi hiyo: ikishinda itaitia mfukoni, na ikishindwa itazikwa nayo. Tena watu walizoea kusema kuwa aliyedhulumu ni Marekani. Marekani ina sehemu yake, wala hatuipunguzi. Wapelelezi wake waliwahoji mahabusi. Lakini aliyefungua mlango wa mahabusu Nairobi, akamfunga mtu macho na kumpandisha ndegeni, alikuwa mtumishi wa Kenya alipwaye kwa kodi ya muuza viazi wa Gikomba. Mkono ule ulikuwa wetu. Kuuita mkono wa mgeni ni kuusamehe.

Tuutazame sasa uchaguzi wa Machi 2013, ambao ni kama nguo ile ile iliyogeuzwa ndani nje. Safari hii walioshitakiwa ni wakubwa: Bwana Uhuru Kenyatta na Bwana William Ruto walikuwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, juu ya mauaji yaliyofuata kura za 2007. Mwezi mmoja kabla ya uchaguzi Bwana Johnnie Carson, mkuu wa mambo ya Afrika katika serikali ya Marekani, aliwakumbusha Wakenya kuwa khiyari yoyote wachaguayo ina matokeo yake. Yeye aliwahi kuwa balozi hapa Nairobi, na twadhani alipaswa kuwajua watu wa nchi hii zaidi ya hivyo. Neno lile liligeuka kuwa mtaji. Kukaambiwa kwamba mzungu anataka kutuchagulia, na watu wakaenda kupiga kura kana kwamba wanaomba uhuru mara ya pili. Kesi ya mmoja iliondolewa Desemba 2014, na ya mwenziwe ikasimamishwa Aprili 2016. Na wale zaidi ya 1,100 waliouawa? Wako jirani zetu, Mathare na kwingineko, ambao hata leo hawajaona mtu akihukumiwa kwa damu ya watoto wao. Waliolia juu ya ndege za 2007, ni wangapi waliosimama 2013 wakasema kwamba na damu hii pia ni haki isiyouzwa? Sisi hatukuwasikia wengi.

Ya 2014 twayapita upesi kwa sababu wakazi wa Eastleigh hawahitaji kukumbushwa: baada ya mabomu ya mwisho wa Machi, maelfu walikamatwa katika msako ulioitwa Usalama Watch, na wengi wakawekwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Wala hatukatai kuwa khatari ni ya kweli. Bomu la ubalozi wa Marekani la Agosti 1998 liliua watu 213 hapa Nairobi, na Waislamu wamo. Westgate waliuawa watu 67. Garissa, Aprili 2015, waliuawa 148, wengi wao wanafunzi. Dola ina haki ya kusaidiana na dola nyingine katika kuwatafuta wauaji, na asemaye kwamba urafiki wote na mataifa ni dhulma hakuifahamu dini wala dunia.

Katika darsa mmoja wa wanafunzi wetu, kijana mwenye akili, alituuliza: Je, Mtume, rehema na amani zimshukie, hakumrudisha Abu Jandal? Hilo ni suala zito, na twalipenda. Mwaka wa sita wa Hijra, katika sulhu ya Hudaibiya, Makureshi walishurutisha kuwa mtu wao akija kwa Waislamu atarudishwa. Wino haujakauka, akatokea Abu Jandal akijikokota na pingu zake, ametoroka kwa baba yake Suhail, naye Suhail ndiye aliyekuwa mjumbe wa Makureshi pale. Mtume alimwomba Suhail amwachie huyu mmoja, Suhail akakataa, Abu Jandal akarudishwa huku akilia.

Lakini zingatieni namna lilivyokuwa. Sharti lilisomwa na kuandikwa mbele ya watu na kushuhudiwa na pande zote mbili. Abu Jandal alirudishwa mchana, mbele ya macho ya Waislamu wote, akaambiwa asubiri naye akajua anakwenda kwa nani. Sayyidna Umar alisimama akahoji kwa sauti, na hapana aliyemtia pingu kwa kuhoji. Na walipokuja wanawake waumini baada yake, Qur'ani ilikataza wasirudishwe. Basi hata katika mapatano mazito kuliko yote, yalikuwapo maandishi, mashahidi, na mpaka usiovukwa. Ndege za 2007 zilichukua wanawake na watoto kwa mapatano ambayo hapana raia aliyeyasoma. Anayeifanya Hudaibiya kuwa hoja ya kuzitetea ndege zile ameisoma nusu.

Tukirudi kwenye suala: wanazuoni wengi wa zama hizi wameifananisha kura na ushahidi, nasi twaliona neno hilo kuwa karibu na sawa. Shahidi hashuhudii kwa kumchukia mtu. Basi kura ya kumkomoa Marekani ni ushahidi wenye ila, hata kama Marekani ina makosa. Mzani wa jambo hili umewekwa mbele yetu hivi karibuni. Oktoba 2024 wakimbizi wanne wa Kituruki walitekwa hapa Nairobi wakapelekwa Uturuki, na serikali ya Kenya ikakiri kuwa iliwatoa kwa ombi la dola hiyo. Novemba yake Dakta Kizza Besigye, mpinzani wa serikali ya Uganda, alitekwa Nairobi akaonekana mahakamani Kampala. Kitendo ni kile kile cha 2007. Uturuki wengi wetu twaipenda, na Besigye si wa dini yetu. Je, ndiyo sababu misikiti ilikuwa kimya? Mwaka huo huo, mwezi wa Mei, Marekani ilitangaza kuipa Kenya daraja ya mshirika mkubwa asiye wa NATO, na juu ya hilo watu walibishana mikahawani mpaka usiku. Na ilikuwa Desemba ya mwaka huo ndipo yule aliyekamatwa Mombasa alipotoka Guantanamo akarudishwa Kenya, bila kufunguliwa mashitaka yoyote, baada ya miaka 17 na uchaguzi wa 2007, wa 2013, wa 2017 na wa 2022.

Jawabu letu, basi, ni kwamba ahadi ya kuvunja urafiki na dola fulani haitoshi kuwa sababu ya kura. Mgombea na aulizwe jambo ambalo laweza kupimwa akiwa ndani ya serikali au nje yake. Katiba ya 2010 yamtaka aliyekamatwa afikishwe mahakamani katika saa 24, na imeiweka amri ya kumleta mahabusi mbele ya hakimu katika haki zisizopunguzwa kwa udhuru wowote. Aulizwe: mtu akikabidhiwa dola nyingine pasi na hukumu, utasimama Bungeni kumtaja afisa aliyemkabidhi, hata kama afisa huyo ni wa chama chako? Vijana watauliza hivyo hapa Kamukunji, na twawaomba ndugu zetu wa Pwani waulize kwa maneno hayo hayo. Jina la dola rafiki wasilitaje katika suala. Na mgombea akiuliza ni dola gani, aambiwe ajibu kwanza.