Ardhi Iliyokufa

Baba alikuwa akidarasisha fiqhi barazani kwetu Pemba kila baada ya alasiri. Mlango wa kuhuisha ardhi ulikuwa mfupi: Mtume (S.A.W.) amesema anayeihuisha ardhi iliyokufa, ni yake. Tukafunga vitabu, tukakimbilia mpira. Hakuna aliyeuliza ardhi hufaje.

Swali limenijia ukubwani, Uingereza, nikifungasha vitunguu karibu na Peterborough. Jumapili moja nilikwenda Holme Fen kutazama nguzo ya chuma. Mwaka 1851, ziwa la Whittlesey lilipokaushwa kwa pampu ya mvuke, nguzo hiyo ilikitwa mpaka kichwa chake kikalingana na ardhi. Leo kichwa kiko mita 4 hivi juu. Nilinyoosha mkono, sikukifikia hata kwa mbali. Ardhi imeshuka. Udongo wa kule ni mweusi, matete na majani ya maelfu ya miaka yaliyohifadhiwa na maji. Maji yakiondoka hewa huingia, udongo huoza, shamba likapaa angani kama hewa ya ukaa.

Waliokausha waliamini wanahuisha. Waliona matope na homa. Sitawacheka, maana ngano ilistawi, na mshahara wangu umetoka kwenye udongo huohuo. Ila wanazuoni wetu waliweka sharti: mahali wanakijiji wanapochunga na kukata kuni hapahesabiwi pamekufa. Kule watu walivua mikunga na kukata matete ya kuezekea. Kwa fiqhi ya barazani kwetu, kesi ingekwama hapo, kabla hata ya kuwataja ndege.

Mama naye alikuwa na kipande chake bondeni. Akipandikiza mpunga, maji vifundoni, vyura wanalia, yangeyange wanamfuata nyuma. Sikumsikia hata siku moja akisema bonde limekufa.

Tangu 2001 mradi wa Great Fen unarudisha maji kule, na kwenye vipande vingine yamejaribiwa mazao yapendayo majimaji, yakiwemo matete manene. Nikampigia baba.

“Shikamoo baba. Wanaotia maji sasa, ndio wanaohuisha?”

“Marahaba. Ardhi wameinunua?”

“Wameinunua.”

“Basi la umiliki limekwisha, limebaki la uhai. Hilo niache nilale nalo.”

Alfajiri simu ikalia.

“Hayo matete, mwanangu, yanaliwa?”

“Hayaliwi, baba. Manyoya yake hujazwa kwenye makoti.”

“Makoti!” akasema, akamwita mama aje asikie.